Gari Inakunywa Mafuta? Kabla Hujanunua Sensa, Soma Yaliyonikuta

Juzi usiku kuna mdau kanitumia meseji: "Kaka gari yangu siku hizi inakunywa mafuta balaa, fundi kanambia ni sensa, ninunue?" Nikacheka peke yangu, halafu kicheko kikakata, maana mwaka juzi meseji hiyo ningeweza kuiandika mimi.

Gari yangu ni ya sisi 1500, silinda nne, otomatiki. Nilipoichukua ilikuwa inanipa kilomita 14 kwa lita, na hilo nalijua kwa sababu nina daftari, sio kwa kuangalia mshale. Mshale wa mafuta ni muongo, nusu ya kwanza unashuka kwa madaha, nusu ya pili unaporomoka. Mimi najaza mpaka pampu ijikate yenyewe, narudisha kilomita za safari kwenye sifuri, natembea, najaza tena mpaka ikate, basi kilomita nagawanya kwa lita zilizoingia. Shemeji yangu hulicheka sana hilo daftari, anasema mimi ni karani niliyepotea njia.

Sasa siku moja zikaingia lita 38, nacheki kilomita, 342. Nikapiga hesabu mara mbili. Tisa! Kutoka 14 mpaka 9 na gari haijabadilika mlio, haijawasha taa yoyote, haitoi moshi mweusi. Shemeji akasema, "Mguu wako mzito tu, punguza." Mimi! Mimi ninayeendesha kama nimepakia vioo! Aisee ile kauli iliniuma na sitaficha, mpaka leo nikiikumbuka inaniuma.

Nikaenda kwa fundi. Hakupima chochote, alifungua boneti, akasikiliza kidogo kama daktari wa kwenye sinema, akasema plagi. Nikanunua nne, wapi. Akasema nozeli chafu, zile zinazopulizia mafuta kwenye injini, zikaoshwa, wapi. Akasema basi ni sensa ya oksijeni, ile inayokaa kwenye ekzosi inanusa moshi na kuiambia kompyuta kama mafuta yamezidi au yamepungua, nikanunua mpya kabisa, na hapo ndo pesa iliponiuma kwelikweli. Tanki lililofuata, 9.1. Yaani sensa nzima kwa nukta moja.

Nilichokuja kugundua hakikutoka gereji. Nilikuwa nimetoka safari, nimepaki, funguo ikaniponyoka ikaangukia karibu na tairi ya mbele kushoto, nikainama kuiokota huku mkono nimeegemeza kwenye rimu. Niliruka! Nikazunguka upande wa kulia nikagusa kwa woga, vuguvugu tu. Kesho yake nikapiga jeki, gia kwenye nyutro, tairi ya kulia ukiisukuma kwa mkono inazunguka vizuri tu, ya kushoto inaenda robo, inakwaruza, inagoma. Kufungua, pini za kalipa, kile chuma kinachobana pedi kwenye diski, zimeota kutu zimekwama, breki pedi haiachii diski hata ukitoa mguu. Kwa hiyo miezi yote ile injini inasukuma, breki inavuta, na mimi katikati nanunua plagi.

Na ndo maana hakuna taa iliyowaka. Kompyuta ya injini breki iliyokamata haiijui, yenyewe inaona tu dereva anaomba nguvu zaidi, inampa.

Pini zikapigwa msasa, zikapakwa grisi yake (ya breki jamani, sio ya beringi), pedi mpya pande zote mbili. Nikapanda mpaka 11.5. Nilifurahi, ila daftari halikudanganyi, 11.5 sio 14.

Hapo nikanunua kile kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye soketi iliyo chini ya usukani, kinasoma data za injini kwenye simu. Soketi hiyo Marekani waliifanya lazima kuanzia magari ya 1996, kwa hiyo gari nyingi za miaka ya karibuni zinayo. Nimeendesha nusu saa nzima, naangalia joto la maji: digrii 63. Injini ikishapata moto inatakiwa iwe huko kwenye 90. Nikafungua mwenyewe pale inapokaa thamostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, na sikukuta kitu. Hakuna thamostati. Na hapa ndo penye aibu, maana aliyeruhusu itolewe ni mimi, fundi aliniambia zamani "hii inaleta shida tu, tuitoe gari isichemshe", nikaitikia kama nimepewa zawadi.

Bila thamostati maji yanazunguka kwenye rejeta muda wote, injini haifiki kwenye joto lake, kompyuta inadhani gari ndo kwanza imewashwa asubuhi inaongeza mafuta, oili inabaki nzito, na gari nyingine za otomatiki zinachelewa kuingia gia ya juu. Kwenye gari nyingine kompyuta itatoa namba ya hitilafu P0128, yaani injini haifiki joto lake, yangu ilinyamaza kimya. Nikarudisha thamostati, tanki lililofuata lita 36, kilomita 490. Hiyo ni 13.6 na plagi mpya ambazo sikuzihitaji.

Sasa ndugu zangu, tuache uvivu. Mtu anaweza kulalamika mwaka mzima gari inakunywa, ukimuuliza inakunywa kiasi gani anakwambia "nyingi". Nyingi ndo ngapi? Pima matanki mawili matatu, pima upepo wa matairi asubuhi yakiwa ya baridi kwa namba iliyo kwenye stika ya mlango, shusha keria kama hubebi kitu, punguza spidi kwenye barabara kuu maana upinzani wa hewa haupandi sambamba na spidi, ukiongeza spidi mara mbili wenyewe unakuwa mara nne. Halafu hii ya kila fundi kukimbilia eya filta, kwenye gari ya kabureta sawa, lakini hizi za nozeli kompyuta inapima hewa inayoingia na kupunguza mafuta yenyewe, filta chafu itakunyima nguvu zaidi kuliko itakavyokumalizia mafuta.

Na kama una hicho kifaa, angalia asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza. Ikicheza ndani ya 10 juu au chini, wala usihangaike na sensa ya oksijeni. Ikiwa inaongeza 20 na zaidi, tafuta hewa inayovuja kwenye mipira ya hewa ya injini au sensa inayopima hewa yenye uchafu. Ikiwa inapunguza sana, tazama nozeli inayovuja. Fundi akikwambia "ni sensa", muulize kaonaje. Akikasirika, ondoka.

Shemeji kaazima gari wiki iliyopita, kairudisha, kasema "imekuwa nyepesi hii". Kuhusu mguu wangu hajasema kitu, nami bado nasubiri.

Kwa hiyo mdau wangu wa juzi usiku, sensa usinunue bado. Toka safari, gusa rimu zote nne kwa uangalifu, uniambie ipi imezidi moto, na injini ikishatembea nusu saa joto la maji linasoma ngapi.