Baba anapaliwa na maji, na maneno yanampotea

SWALI: Baba yangu alipata kiharusi, akalazwa, na sasa ameruhusiwa kurudi nyumbani. Anatembea vizuri, lakini maneno yanampotea, husahau alichoambiwa asubuhi, na akinywa maji hupaliwa. Tumepewa rufaa ya tiba ya usemi kama mgonjwa wa nje, mara moja kwa wiki. Mtaalamu wa usemi anahusikaje na kumeza na kumbukumbu, na saa moja itamfaa nini?

JIBU: Ndugu msomaji, naanza na kupaliwa, kwa kuwa ndilo jambo lisilopaswa kusubiri. Midomo, ulimi na koo tunavyovitumia kusema ndivyo tunavyovitumia kumeza, na ndiyo sababu kazi zote mbili ziko mikononi mwa mtaalamu mmoja. Maji humshinda mzee kuliko chakula laini kwa sababu huteremka upesi, kabla koo lililodhoofika halijawahi kuifunga njia ya hewa, na yakiingia mapafuni mara kwa mara huweza kuleta nimonia. Wapo hata wagonjwa ambao chakula huwaingia njia ya hewa bila wao kukohoa. Kwa hiyo isikilize sauti yake baada ya kumeza, na ikiwa inatoka kama yenye majimaji, au akipata homa, mrudisheni hospitali bila kungoja siku ya kliniki. Mtaalamu atamtazama akimeza, na pengine ataagiza eksirei inayopigwa wakati anameza. Kuinamisha kidevu au kuongeza uzito wa vinywaji huwasaidia baadhi ya wagonjwa tu, basi msibahatishe. Kwa sasa akae wima, anywe kidogo kidogo, asizungumzishwe akila, asilale kwa nusu saa baada ya kula, na kinywa chake kisafishwe kila siku, maana bakteria wa kinywani ndio wanaofuatana na mate hadi mapafuni.

Kupotewa na maneno huitwa afasia, na kwa kawaida hutokana na madhara katika upande wa kushoto wa ubongo. Akili yake haijapotea, nami nawasihi msimsemee. Akitaka miwani akasema "kitabu", mshikieni vyote viwili mbele yake, mmwulize ni kipi, kisha msubiri, hata kimya kikirefuka.

Kwa kumbukumbu, daftari moja la kuandikia aliyoambiwa, linalokaa mahali pamoja, lina manufaa makubwa. Jambo muhimu mwambieni, kisha mmwulize tena baada ya dakika moja, kisha mbili, kisha nne, hadi likae akilini.

Saa ile moja ni ya kupima na kuchagua mazoezi. Mazoezi yenyewe hufanyika nyumbani kila siku. Kwa hiyo ingia naye chumbani, umwombe mtaalamu akutazame ukimfanyisha. Siku ya kwanza mchukulie miwani, meno yake ya bandia kama anayo, na orodha ya dawa zake zote, kwani zipo dawa zinazokausha kinywa na kuzidisha ugumu wa kumeza.