Dogo umeambiwa uwashe logi za ukaguzi kwenye databesi ya klaudi? Soma hii kwanza

Madogo mnaoanza kazi naona wengi mnatupiwa ile kazi ambayo wakubwa ofisini hawaitaki, "wakaguzi wanakuja, washa logi za ukaguzi kwenye databesi", yaani kumbukumbu za nani kafanya nini na lini. Mtu anaingia konsoli, anatafuta pa kubonyeza, anawasha kila kitu, jioni anaripoti imekamilika. Siku mkaguzi akiuliza swali moja tu, nani alifungua taarifa za mteja fulani, ofisi nzima inaangaliana. Kwa hiyo kabla hujagusa chochote kaa chini uandike maswali ambayo logi itatakiwa kujibu, maana ndo yatakayokuambia uwashe nini na uache nini. Mimi nitaongelea databesi ya PostgreSQL iliyoko RDS, huduma ya databesi ya Amazon, kwa sababu ndo nashinda nayo, wa Cloud SQL ya Google mambo mengi yanafanana, kule mnaanza na flagi ya cloudsql.enable_pgaudit.

Cha kwanza usichanganye logi mbili. CloudTrail, logi ya akaunti yenu ya Amazon, inarekodi mtu aliyefanya jambo juu ya RDS yenyewe, kafuta instansi (seva ya databesi), kabadili mipangilio, kachukua snepshoti (nakala ya databesi). Haijui kabisa habari za amri za SELECT (kusoma) wala DELETE (kufuta) zinazoendelea ndani. Nimeshaona mtu anamwonyesha mkaguzi CloudTrail kwa kujiamini kabisa kama ndo ushahidi wa nani kasoma data, aisee. Unazihitaji zote mbili, moja ya nje na moja ya ndani, na hiyo ya ndani kwa PostgreSQL ndo pgAudit, ekstensheni inayorekodi amri zinazotumwa kwenye databesi.

Halafu kuna suala la NANI, na hapa ndo kazi nyingi zinapofia. Unakuta madevelopa wote, dogo wa ripoti, na aplikesheni yenyewe wanaingia kwa yuza mmoja na paswedi moja iliyoko kwenye grupu la WhatsApp. Ni sawa na kitabu cha wageni getini ambacho kila anayeingia anaandika "Juma". Hata uwashe logi za namna gani, itakachokuambia ni kwamba Juma alifuta. Anza hapo: kila binadamu awe na yuza wake, aplikesheni iwe na wake peke yake, na ile akaunti kuu uliyopewa siku ya kutengeneza instansi ifungiwe isitumike kwa kazi za kila siku. Kama mnaweza tumieni uthibitisho wa IAM (mfumo wa Amazon wa yuza na ruhusa), mtu anaingia kwa tokeni inayodumu dakika 15 badala ya paswedi ya kugawana, na akiacha kazi mnamtoa sehemu moja tu. Bosi atakuambia hii haihusiani na logi. Inahusiana, tena kuliko hiyo pgAudit yenyewe.

Sasa kuiweka. Kundi la parameta (mipangilio ya databesi) la default huwezi kulibadili, inabidi utengeneze la kwako, uongeze pgaudit kwenye shared_preload_libraries, ulifunge kwenye instansi halafu urestati. Ndio, restati ni lazima, hiyo parameta haishiki hivi hivi, kwa hiyo omba muda rasmi usiku, usije ukaangusha malipo ya watu mchana kweupe. Ikirudi andika SHOW shared_preload_libraries uhakikishe ipo, tengeneza roli (jina ndani ya databesi linaloweza kupewa ruhusa) inayoitwa rds_pgaudit, weka pgaudit.role iwe hiyo hiyo, kisha CREATE EXTENSION pgaudit NDANI YA KILA databesi unayotaka kuikagua, sio moja tu. Baada ya hapo ndo unagusa pgaudit.log, parameta inayosema amri za aina gani zirekodiwe. Huo mpangilio ufuate, ekstensheni kwanza halafu pgaudit.log, ukigeuza utapata logi za DDL (amri za kubadili muundo wa majedwali) zenye mapengo.

Kwenye pgaudit.log kishawishi ni kuandika all. Usifanye hivyo kwa seva nzima, nakuomba. Aplikesheni yenye wateja wengi inapiga kweri (amri kwa databesi) usiku na mchana, kila moja inageuka mstari, na CloudWatch, sehemu ya Amazon ya kutunzia logi, inakutoza kwa kila giga inayoingia, kwenye kanda ya us-east-1 ni kama nusu dola kwa giga, we piga hesabu mwenyewe kwa mwezi. Na kabla bili haijafika kuna balaa lingine, faili za logi za RDS zinakaa kwenye diski ile ile ya data, zikivimba diski inajaa, na diski ikijaa databesi inasimama.

Mimi napanga hivi. Seva nzima inapata ddl na role tu, yaani nani kabadili muundo wa majedwali na nani kampa nani ruhusa, hivyo havitokei mara nyingi na ni vya hatari. Yuza za binadamu ndo nazibana, ALTER ROLE fulani SET pgaudit.log = 'read,write,ddl,role', kwa sababu mtu anayeingia na psql (programu ya kuandika amri kwa mkono) saa tano usiku kusoma jedwali la wateja nataka kila alichoandika. Aplikesheni naiachia ukaguzi wa jedwali moja moja kwa ile roli ya rds_pgaudit, unaandika GRANT SELECT, UPDATE, DELETE ON wateja TO rds_pgaudit na kuanzia hapo yeyote akigusa hilo jedwali kwa njia hizo inarekodiwa, hata kama hakuna anayeingia kwa hiyo roli. Unaweza kushuka mpaka kolamu, ukaitaja ya namba ya simu au ya NIDA tu. Ila jua TRUNCATE (kumwaga data yote ya jedwali kwa mpigo) haikamatwi na njia hii, inakamatwa na write, ndo maana binadamu nimewawekea write. Zima na pgaudit.log_catalog, la sivyo mtu akifungua programu kama pgAdmin tu unapata lundo la mistari ya majedwali ya mfumo isiyo na maana yoyote.

Turudi kwenye lile swali la mkaguzi, nani alifungua taarifa za mteja FULANI. pgAudit inarekodi amri iliyotumwa, haikuambii ni mistari gani ilirudi. Kweri za aplikesheni nyingi zinakuja na $1 mahali pa thamani, utaona jedwali la wateja limesomwa, mteja gani hujui. Kuna parameta ya pgaudit.log_parameter, default imezimwa, ukiiwasha thamani zinaandikwa, lakini hapo umehamisha namba za simu na majina ya watu kwenda kwenye logi ambayo pengine inasomwa na watu wengi kuliko databesi yenyewe. Kenya kuna sheria ya 2019 ya ulinzi wa data, Tanzania ya taarifa binafsi ni ya 2022, na hakuna inayosema logi sio data. Ninavyoona mimi iache imezimwa, na hilo swali lijibiwe na aplikesheni: ndiyo inayojua ni mfanyakazi gani kaingia na kafungua faili la nani, iandike namba ya mfanyakazi na namba ya mteja kwenye logi yake. Wengine wanaambatisha komenti ndani ya kweri yenye namba ya mfanyakazi, na kwa kuwa pgAudit inaandika amri nzima unaikuta kule. Inasaidia sana kuunganisha pande mbili, jaribuni.

Jambo jingine, usiwe unawasha log_statement, logi ya amri ya PostgreSQL yenyewe, juu ya pgAudit eti kwa usalama zaidi. Mtu akiandika ALTER ROLE yenye paswedi mpya, paswedi hiyo inakaa kwenye logi wazi wazi.

Kuhifadhi nako kuna mitego. Kwenye RDS yenyewe logi zinakaa siku 3 kwa default na mwisho ni 7, kwa hiyo lazima uzipeleke CloudWatch, na huko kinyume chake, usipoweka muda hazifutiki milele na hela inaendelea kukatwa. Weka muda kulingana na wanaowasimamia, zilizozeeka hamishia S3, hifadhi ya mafaili ya Amazon, yenye Object Lock, kufuli linalozuia kufuta. Na iwe kwenye akaunti ambayo yule adimini wa databesi hana ufunguo nayo, maana yeye ndo mtu wa kwanza logi inatakiwa kumwangalia, sina maana ni mwizi. Mwenye madaraka anaweza kuandika ALTER ROLE akajizimia pgaudit.log mwenyewe, ila hiyo amri inaangukia kwenye role na itaonekana, so weka alamu hapo hapo kwenye amri hiyo.

Saa: logi zinakuja kwa UTC. Tukio la saa mbili usiku Dar utalikuta limeandikwa 17:00, waambie wenzako mapema kabla hamjamshuku mtu aliyekuwa bado njiani na daladala.

Ya mwisho, maana hii inawakuta hata wazoefu: kundi la parameta ni la toleo husika, ukipandisha PostgreSQL toka 15 kwenda 16 unahitaji kundi jipya, na ukirestoa snepshoti bila kutaja kundi lako unaweza kupewa la default. Databesi inawaka vizuri, aplikesheni inafanya kazi, hakuna anayelalamika, na pgAudit haipo. Kwa hiyo weka alamu ya ukimya pia, mistari yenye neno AUDIT isipoonekana kwa saa kadhaa simu iite, na kila baada ya apgredi ingia kwa yuza wako, piga SELECT moja kwenye jedwali la wateja, kisha nenda CloudWatch ukaitafute.