Ule wimbo wa piano kwenye Somewhere in Time, jinsi nilivyoupata na jinsi ya kutafuta wa kwako

Dada yangu alipokua anajiandaa na harusi, mimi nilikabidhiwa kitu kimoja tu, wimbo wa kuingilia ukumbini. Hakutaka bongo fleva wala taarab, alitaka "ule wa piano wa kwenye Somewhere in Time", ile filamu ya 1980 ya Christopher Reeve na Jane Seymour ambayo tuliiangalia kwenye kanda ya video mpaka kanda ikaanza kukwama. Nikajua hiyo kazi ya jioni moja. Ikanichukua wiki tatu, na najua wapo wengi wenye wimbo wa filamu ya zamani umewaganda kichwani na jina hawalijui, so naandika nilivyofanya na nilipokosea.

Pa kuanzia pa kweli ni yale majina yanayopita mwisho wa filamu. Wengi tunazima hapo, lakini muziki wa klasiki ukitumika kwenye filamu mara nyingi huandikwa pale, jina la kipande na aliyetunga. Kanda yetu ilikua imerekodiwa kutoka kanda nyingine na mwisho umekatika, basi nikakosa.

Kitu cha pili, usichukulie kwamba muziki wote kwenye filamu ni wa mtu mmoja. Somewhere in Time ina muziki aliotunga John Barry kwa ajili ya filamu hiyo hiyo, na ndani yake kimo kipande cha Rachmaninoff, mtunzi Mrusi wa klasiki, ambacho kilikuwepo kabla. Yote mawili ni ya taratibu, yote yanaliza, na huko mtandaoni watu wanayachanganya sana, unafungua video imeandikwa Rachmaninoff unakuta ni Barry. Mi nilimpigia dada simu nikamsikilizisha zote mbili, nikamuuliza ipi, akasema hiyo ya pili, ya Rachmaninoff, sio ya Barry. Muulize anayeutaka mapema, utaokoa siku nyingi.

Sasa hapa ndo nilipopotea. Nikaenda duka moja la CD nikasema nataka Rachmaninoff, ule wimbo wa filamu ya mapenzi. Muuzaji akanipa Koncheto ya Piano Namba 2, yaani kazi ndefu ya piano na okestra, na simlaumu, maana hiyo ndo iliyotumika kwenye filamu ya Brief Encounter ya 1945, wale wawili wanaokutana stesheni ya treni Uingereza, na muziki wake umetawala filamu nzima. Nikakaa nikasikiliza zaidi ya nusu saa nasubiri wimbo wetu utokee, hautokei. Sehemu ya pili nikashtuka, mahadhi nayajua kabisa, kumbe ndo Eric Carmen alikochukua All by Myself mwaka 1975, ambayo Celine Dion aliirudia baadae. Muziki mzuri mno, lakini sio tuliokua tunautafuta. Jina la mtunzi peke yake halitoshi jamani, mtu ana kazi kibao.

Kilichonitoa ni mazungumzo ya filamu yenyewe. Mnaoikumbuka, Richard (ndo Reeve) anatoka wakati wetu anarudi mwaka 1912, kwenye ile Grand Hotel ya kisiwa cha Mackinac, Michigan. Wako kwenye mtumbwi ziwani, yeye anauimba wimbo mdomo umefumba, Elise (ndo Seymour) anauliza ni wimbo gani, anatajiwa Rachmaninoff, anasema anampenda sana ila huu hajawahi kuusikia. Nikarudisha kanda nikaangalia tena. Kama Elise anamjua mtunzi na wimbo haujui, basi mwaka 1912 ulikua haujatungwa! Ile Koncheto Namba 2 ilishapigwa nzima Moscow mwaka 1901, kwa hiyo haiwezi kua yenyewe. Nikatafuta kazi za Rachmaninoff za baada ya 1912 zenye piano na okestra, ni chache, na ya 1934 ndo hiyo: Rapsodi juu ya mahadhi ya Paganini, yule mpiga violini wa Italia. Kwa hiyo sikilizeni watu wanachoongea humo ndani, na angalieni kama kuna mtu anaweka santuri au anafungua kile kisanduku cha muziki.

Siku hizi una simu, lakini ujue inavyofanya kazi. App ya Shazam inatambua rekodi, na kipande cha klasiki kina rekodi mamia, tena kwenye filamu watu wanaongea juu yake, so isipokupa jibu usikate tamaa. Google tangu 2020 unaweza kuimba mdomo umefumba sekunde 10 hadi 15 ikakutafutia, imba mahadhi tu, taratibu, bila kurembesha.

Na ukishapata jina bado hujamaliza. Rapsodi hiyo ina varieshoni 24, yaani mahadhi yale yale yanageuzwa kila mara kivingine, nzima ni dakika ishirini na kitu, na ukiianza mwanzoni utasikia vurugu ya piano na okestra useme nimekosea tena. Unaoutaka ni varieshoni ya 18, kwenye rekodi nyingi iko karibu na dakika ya 15. Rachmaninoff alichukua mahadhi ya Paganini akayapindua, pale yanapopanda yeye akashusha, yanaposhuka akapandisha, na ile huzuni ikageuka kua mapenzi. Alifanyaje kuliona hilo mi mpaka leo linanishangaza.

Ukiikata kwa ajili ya shughuli, usianzie kwenye kelele. Inaanza piano peke yake, kimya kimya, halafu violini zinadaka mahadhi yale yale na piano inazifuata kwa nguvu. Tulimwambia DJ aweke piano mlango ukiwa bado umefungwa. Violini zilipoingia ndo mlango ukafunguliwa, na dada akaanza kutembea.