Kichwa chako hakijajaa: barua kwa mwanangu

Mwanangu Rehema,

Marahaba mwanangu. Maswali yako nimeyapata. Unasema sura ya uchakavu wa mali, yaani jinsi gharama ya mali inavyogawiwa kwa miaka itakayotumika, uliisoma jioni tatu mfululizo, ukaipiga mistari ya njano, ikakuelea vizuri. Wiki mbili baadaye ukafungua maswali ya miaka iliyopita, hukukumbuka hata pa kuanzia. Sasa unauliza kama mtu akishapita miaka thelathini ubongo unajaa, na kama kwa wiki kumi zilizobaki kabla ya mtihani wa uhasibu uisome kila sura mara tano badala ya tatu.

Haujai. Kinachojaa, tena upesi, ni kumbukumbu ya papo kwa papo, ile inayoshika namba ya simu wakati unaiandika. Hiyo hubeba vitu vitatu au vinne, basi. Kumbukumbu ya muda mrefu hajapatikana mtu aliyeifikisha mwisho, na kadiri unavyolijua somo ndivyo jipya la somo hilohilo linavyopata pa kushikia. Na kusoma mara tano usisome. Hiyo ndiyo njia inayokuangusha.

Jambo hupita hatua tatu: linaingia, linatunzwa, linatolewa. Watu hulaumu ile ya kati, wakasema kichwa kinavuja. Kwa mtu mzima mwenye afya, kasoro mara nyingi iko mwanzo au mwisho: jambo liliingia juujuu, au halijawahi kufanyiwa mazoezi ya kutolewa.

Mtandaoni utakuta watu wanatangaza kwamba mtu husahau theluthi mbili ya alichosoma ndani ya siku moja. Hesabu hiyo inatoka kwa Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyechapisha kazi yake mwaka 1885. Alijipima mwenyewe, akikariri silabi zisizo na maana yoyote, kisha akapima ni kiasi gani cha kazi anaokoa akizikariri upya. Baada ya dakika 20 aliokoa asilimia 58. Baada ya saa moja, 44. Baada ya siku, 34. Baada ya mwezi, 21. Kwa hiyo usahaulifu huporomoka haraka mwanzoni kisha hupunguza mwendo, na hata kile usichoweza kukitaja huacha alama inayorahisisha kukijifunza tena. Lakini zilikuwa silabi tupu. Sura yako ina maana, kwa hiyo asilimia zile usizibandike juu yake.

Kuna jingine ambalo vitabu vya kufaulu mitihani hulikwepa: kumbukumbu ya muda mrefu si ghala moja. Mwaka 1953, Mmarekani Henry Molaison, mwenye umri wa miaka 27, alipasuliwa ubongo kutibu kifafa, akaondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi, ile sehemu ya ndani ya ubongo inayosaidia kuweka kumbukumbu mpya, pande zote mbili. Tangu hapo hakuweza tena kuweka kumbukumbu ya matukio mapya, ingawa mengi ya utotoni aliyakumbuka. Mwanasaikolojia Brenda Milner akampa kazi ya kuchora nyota huku akitazama mkono wake kwenye kioo tu. Siku ya tatu alikuwa anachora vizuri, na bado akisema hajawahi kuifanya kazi ile. Stadi ina njia yake, kujua kwa maneno kuna njia nyingine. Mtihani wako unataka vyote viwili: uijue kanuni, na mkono wako uweze kupanga jedwali la mali za kudumu ndani ya dakika ulizopewa. Hiyo ya pili hutaipata kwa kusoma hata ukisoma mara ishirini.

Tuanze na kuingiza. Kinachoamua si mara ngapi jicho limepita, ni ulifanya nini na maana yake. Mwaka 1979, watafiti Nickerson na Adams waliwaonyesha Wamarekani michoro 15 ya sarafu yao ya senti moja, wachague iliyo sahihi. Sarafu waliyoishika maisha yao yote, na waliopatia hawakufika nusu. Kwa hiyo ukifika kwenye kanuni, iulize kwa nini. Chukua hii: kampuni imenunua kiwanja chenye jengo kwa milioni 200, kiwanja kikiwa milioni 80. Uchakavu unaukata kwenye milioni ngapi? Kwenye 120 za jengo tu. Ukilitumia miaka 40 bila thamani ya masalio, yaani bila thamani inayobaki mwisho wa matumizi, ni milioni 3 kwa mwaka. Kwa nini si 200? Kwa sababu uchakavu ni kugawa gharama juu ya miaka ya matumizi, na ardhi kwa kawaida haina miaka inayoisha. Aliyelielewa hilo hahitaji kukariri orodha ya mali zisizochakaa. Akikutana na machimbo ya mawe, ambayo yanaisha, ataona mwenyewe kwamba hapo jibu linabadilika.

Na simu iwe chumba kingine. Umakini uliogawanyika wakati wa kuingiza huharibu zaidi kuliko ule wa wakati wa kukumbuka.

Sasa kutoa, ambako ndiko ulikokwama. Kuna jaribio ambalo Mswahili ana haki ya kulitabasamia. Mwaka 2008 Jeffrey Karpicke na Henry Roediger waliwapa wanafunzi wa chuo Marekani maneno 40 ya Kiswahili na maana zake kwa Kiingereza. “Mashua” lilikuwa mojawapo. Kiswahili kilifaa kwa sababu hawakukijua. Wote walijifunza mpaka kila neno wakalitaja sawasawa japo mara moja. Tofauti ilikuwa kilichofuata neno likishapatiwa. Wengine waliendelea kulisoma bila kuulizwa tena, wengine waliendelea kuulizwa hata bila kulisoma tena. Baada ya wiki moja, walioendelea kuulizwa walikumbuka asilimia 80 hivi. Walioachishwa kuulizwa walikumbuka kama theluthi, na kule kusoma kwa ziada kuliwaongezea karibu sifuri. Halafu angalia hili: walipoombwa kukisia watakumbuka kiasi gani, makundi yote yalitaja karibu nusu. Hakuna kundi lililohisi tofauti.

Mtego ni huo. Ukisoma mara ya pili maneno yanateleza, na ule utelezi unausoma kama ujuzi. Miaka miwili kabla, watafiti haohao walitumia vifungu vya kusoma. Baada ya dakika tano waliosoma mara nne waliwashinda waliosoma mara moja wakajipima mara tatu, asilimia 83 kwa 71. Baada ya wiki moja ikageuka, 40 kwa 61. Ndiyo maana usiku wa kuamkia mtihani kusoma na kusoma tena huonekana kunafaa, na kwa saa chache kweli kunafaa. Wewe una wiki kumi.

Basi fanya hivi. Soma sura mara moja kwa utulivu, funga kitabu, chukua karatasi tupu, andika kwa dakika kumi kila unachokikumbuka, na mahesabu yake. Itauma na itaonekana aibu. Kisha fungua kitabu usahihishe kwa kalamu nyekundu. Yale mekundu ndiyo uyasome, si sura nzima. Kesho yake maswali matano bila kusoma kwanza. Rudi baada ya wiki, kisha baada ya wiki tatu. Hizo wiki tatu sikuzibuni: mwaka 2008, Nicholas Cepeda na wenzake waliwafundisha watu zaidi ya 1,350 mambo ya maarifa ya jumla, wakabadilisha pengo kati ya kusoma mara ya kwanza na kurudia. Mtihani ulipokuwa siku 70 mbele, pengo lililofanya vizuri lilikuwa kama siku 21. Ulipokuwa siku 7 tu, pengo la siku moja lilitosha. Wao walirudia mara moja, wewe unarudia zaidi, kwa hiyo usihangaike na siku kamili. Ila fanya hesabu: sura utakayoianza wiki ya nane haina tena nafasi ya pengo hilo. Zile unazoziogopa zianze wiki hii.

Ukitumia kadi za maswali, usiitupe kadi kwa kuwa umeipatia mara moja. Hilo ndilo kosa la lile kundi la theluthi. Ipatie siku tatu tofauti ndipo uipumzishe. Na jibu litaje kwa sauti au liandike kabla ya kugeuza kadi. Anayegeuza haraka hujiambia “nilikuwa najua hii”, naye alikuwa anaitambua tu.

Maswali yachanganye. Chukua njia mbili za kukata uchakavu: mstari ulionyooka, kiasi kilekile kila mwaka, na salio linalopungua, asilimia ya thamani iliyobaki. Kumi ya ile ya kwanza kisha kumi ya ile ya pili yatakupa raha ya bure, maana njia umeshaijua kabla hujalisoma swali. Watafiti Rohrer na Taylor mwaka 2007 walijaribu hivyo kwa maswali ya ujazo wa maumbo. Waliopangiwa aina kwa aina walipatia asilimia 89 wakati wa mazoezi, waliochanganyiwa 60. Wiki moja baadaye wa kwanza walipata 20, wa pili 63.

Kuhusu kundi lenu la kujisomea, sharti majibu yahakikiwe siku hiyohiyo. Kumbukumbu hujengwa upya kila inapotolewa, na la pembeni huingia humo bila hodi. Elizabeth Loftus na John Palmer, mwaka 1974, waliwaonyesha watu filamu ya magari yakigongana. Kisha wakawauliza magari yalikuwa na mwendo gani. Kati ya walioulizwa kwa neno zito la kugongana, wiki moja baadaye asilimia 32 walisema waliona vioo vilivyovunjika. Waliopewa neno jepesi, 14. Vioo havikuwapo. Mtu mwenye sauti kubwa anayekosea kwenye kundi lenu ataingia kichwani mwako vivyo hivyo.

Lala. Usingizini ubongo huimarisha yaliyoingia mchana, kwa hiyo saa mbili unazoiba usiku unazilipa kwa sura ya jioni ileile. Ukifika saa nne na nusu, funga.

Na ukikwama ndani ya chumba cha mtihani, usikae ukilikodolea macho swali. Andika pembeni chochote kinachokaa karibu na jibu: aina ya mali, tarehe ya kununua, mfano wa kiwanja na jengo. Jirani mara nyingi humwita jirani. Dakika mbili zikipita kimya, ruka, fanya swali jingine, urudi.

Baba yako