Hao si mchwa, ni sisimizi wa kwenye mbao

Mkuu, umesema boriti ya banda lako huko Chamwino inamwaga ungaunga na usiku wanatoka wadudu weusi wakubwa, ukauliza ni mchwa au la, na kisayansi wako kundi gani. Kwa maelezo hayo, naona ni sisimizi wa jenasi (kundi la spishi za karibu) Camponotus.

Wako oda (kundi kubwa la wadudu) Hymenoptera pamoja na nyuki na nyigu, familia Formicidae, nusufamilia Formicinae. Jenasi yenyewe ilipewa jina na mtaalamu wa wadudu Mayr mwaka 1861 na ina spishi zaidi ya 1,000, kwa hiyo spishi haitajwi bila kumwona mdudu. Mchwa wako mbali kabisa: oda Blattodea, ndugu wa mende.

Mshike mmoja umtazame juani. Sisimizi huyu ana kiuno chembamba chenye kinundu kimoja, na papasi zake (zile nyuzi mbili za kichwani) zimekunjika kama kiwiko. Mchwa kiuno chake ni kinene na papasi zimenyooka. Linda vidole vyako, maana huyu hana mwiba lakini anauma na kurusha asidi.

Halafu ule unga. Sisimizi huyu hali mbao. Anaichimba apate vyumba, na machicha anayasukuma nje, mara nyingi yakiwa na vipande vya wadudu ndani yake. Mchwa anaila mbao yenyewe na kujenga vijia vya udongo.

Usikimbilie dawa, tafadhali. Wengi huanzia kwenye mbao iliyolainika kwa unyevu, hivyo ziba bati linalovuja kabla mvua hazijaanza na ubadilishe kipande kilichooza. Wale wa kwenye magogo shambani waache, wanakula wadudu wengine.