Flashi ya kungoja ina bei yake

Usiku ulionifunza jambo hili nilikuwa na 9 na 8 za kopa. Ilikuwa meza ndogo ya poka katika kasino moja Nairobi, blaindi, yaani dau za lazima kabla ya karata kugawiwa, za shilingi 100 na 200. Kila mtu ana mbili zake, na tano za mezani ni za wote. Karata tatu za kwanza za mezani zikafunguliwa: K ya kopa, 7 ya shupaza, 2 ya kopa. Kopa moja tu nipate flashi, yaani karata tano za aina moja. Chungu, yaani pesa zilizo katikati ya meza, kilikuwa na 3,000. Mzee aliyekaa mkabala nami akaweka 2,000, nami nikasukuma zote nilizokuwa nazo, 18,000, nikijiona bingwa. Nilikuwa nimejifunza kwenye poka ya simu kwamba mkono unaongoja husukumwa kwa nguvu, kwa sababu unashinda kwa njia mbili: ama mwenzio atupe karata akuachie chungu, ama kopa ije.

Mzee hakufikiria hata kidogo. Alikuwa na K na 5, jozi moja. Kopa haikuja.

Nilirudi nyumbani nikilaumu bahati. Siku mbili baadaye nilichukua karatasi nikapiga hesabu. Ili nisipate hasara kwa msukumo ule, ilibidi mzee atupe karata zaidi ya mara nne katika kila kumi. Na tangu nilipokaa pale, saa tatu nzima, sikuwa nimemwona akitupa jozi hata mara moja. Karata zangu nilizihesabu vizuri. Mtu sikumhesabu.

Mimi nimekulia Mombasa, na barazani kwetu wazee walihesabu turufu zilizotoka, na pia walijua nani hana moyo wa kuiachilia turufu yake mapema. Poka ya meza ndogo ni hivyo hivyo, ila hapa kuna pesa. Watu wengi pale wamekuja kucheza, si kutupa karata. Wamefunga kazi Ijumaa, wanataka kuona. Kumtisha mtu wa namna hiyo kwa flashi ambayo bado hujaipata ni kumwagia bata maji.

Hesabu yenyewe si ngumu. Ukiwa na karata nne za aina moja baada ya zile tatu za mezani, kuna karata 47 hujaziona, na 9 kati ya hizo zinakupa flashi. Ni asilimia 19 kwa karata inayofuata, karibu mara moja katika tano. Ukihesabu karata zote mbili zilizobaki unapata 35, na hiyo 35 ndiyo iliyowamaliza wengi. Inafaa tu ikiwa unalipa mara moja na unaziona zote mbili. Mezani hulipi mara moja. Ukishalipa kuona karata ya nne, jamaa anaweka dau jingine, na sasa uko kwenye moja ya tano tena, kwa bei mpya. Mimi siku hizi nahesabu karata moja moja.

Tuseme chungu kina 2,000 na mtu ameweka 1,000. Ukilipa, mara moja katika tano unakula 3,000 zilizo katikati, na mara nne unapoteza 1,000 kila mara. Kwa hesabu hiyo pekee unakula hasara. Pengo ni shilingi elfu moja na ushei, na lazima lizibwe na pesa ambazo bado hazijaingia chunguni: zile atakazokulipa baada ya flashi kutimia. Kwa hiyo kabla ya kulipa natazama kwanza rundo la chipu lililo mbele yake. Kijana aliyebakiwa na 900? Natupa karata, hata kama flashi yangu ingekuwa ya A, kubwa kuliko zote. Hana cha kunilipa. Yule mzee mwenye 15,000, asiyejua kutupa jozi? Huyo nalipa huku natabasamu. Tabia ile ile iliyonikausha usiku ule ndiyo inayonilisha sasa.

Flashi ina aibu yake lakini: inaonekana. Karata tatu za aina moja zikilala mezani, hata mgeni wa jana anashtuka. Streti, yaani karata tano zinazofuatana, hujificha. Ukiwa na 6 na 5, mezani kuna K, 7 na 4 za aina tofauti, kisha ikaja 3, nani ataiogopa 3? Streti iliyo wazi pande zote mbili ina karata 8 za kuikamilisha, asilimia 17 kwa karata inayofuata, pungufu kidogo ya flashi, lakini mara nyingi hulipwa zaidi. Ile inayongoja namba moja tu ya katikati ina karata 4, asilimia 8 na nusu. Hiyo nailipia nikipewa kwa bei ya njugu, vinginevyo sina habari nayo.

Sasa kuna ugonjwa wa "ni za aina moja tu". Mtu ana J na 4 za uru, anaingia, ukimuuliza anasema ni za aina moja. Mgawaji wa kasino anagawa michezo kama 30 kwa saa, na kila mtu hupata karata mbili za aina moja karibu mara moja katika nne, yaani kama mara saba kwa saa. Na ukizicheza zote saba, flashi ya kungoja inakujia mezani mara moja katika tisa. Hesabu mwenyewe: hata mara moja kwa saa haifiki, na ikifika ni mara moja katika tano. Naamini wengi wetu hatuongozwi na tamaa hapo, ni kuchoka kukaa bure.

Tena meza hizi huingia watu watano, sita kwa mkupuo. Chungu kinanona, bei inaonekana tamu, lakini katika umati huo kuna uwezekano mwenzio anangoja flashi ile ile, kubwa kuliko yako. Niliwahi kutimiza flashi kwa 5 na 4 za uru nikalipa kila dau hadi mwisho, kumbe jirani ameshika A ya uru. Tangu hapo, tukiwa wengi, nataka A au K iwe mkononi mwangu. Na mezani pakitokea jozi, halafu mtu mpole aliyekuwa akigonga meza usiku kucha, yaani akipita bila kuweka dau, akaongeza dau ghafla, huenda ana mkono unaoishinda flashi; natupa bila kujadiliana na nafsi yangu.

Pesa ya karo na ya kodi ya nyumba haiingii mlango ule. Nimemaliza hilo.

Mwezi uliopita nilikutana tena na yule mzee. Safari hii nilikuwa na A na 6 za pau, nimekaa wa mwisho kucheza, na mezani pau mbili. Aliweka 1,000 kwenye chungu cha 2,000, nikalipa, kimya. Karata ya nne ilikuwa garasa. Akaweka 1,500, nikalipa tena. Ya tano ikaja pau. Akagonga meza, nami nikaweka 5,000.

Aliitazama ile pau, akanitazama mimi, akavua miwani akaifuta kwa shati.

"Najua umepata, mwanangu," akasema, "lakini lazima nione." Akasukuma chipu.