Mwanao Ameanza Chuo: Ofisi za Kuzijua Kabla Shida Haijaiva

Wanangu wa mwaka wa kwanza, na nyinyi wazazi mlioko Tunduru na Kasulu mnaolala na simu chini ya mto, nawaandikia kama mlezi wa bweni. Karibu kila shida ya chuo ina ofisi yake. Tatizo ni kwamba watu wanakuja ikiwa imeshaiva.

Anza na Mshauri wa Wanafunzi, yule mnayemwita Dean. Wengi wanadhani kwake unaitwa ukikosea. Si kweli. Msiba nyumbani, kukosa chumba, ugomvi na mnayelala naye chumba kimoja, vyote peleka huko, na huko ndiko utakakounganishwa na mnasihi. Mwenzako akiacha kula na kwenda lekcha, akashinda kajifunika shuka, usimwite mvivu. Msindikize.

Ukiugua wiki ya mitihani, tafadhali usijikaze. Nimeona kijana malaria inamtetemesha anaingia UE, mtihani wa mwisho wa muhula, kwa kuogopa nyumbani watasema anadeka. Ukishakabidhi karatasi, imehesabika, na cheti cha daktari cha kesho yake ni vigumu kukuokoa. Pita zahanati ya chuo kwanza. Ukitibiwa nje, karatasi zako zipelekwe hapo zithibitishwe. Kisha andika barua ya kuahirisha mtihani kupitia idara, na nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa. Mhuri huo una uzito kuliko maneno matamu ya barua. Utafanya mtihani kipindi cha sup, yaani mitihani ya marudio, lakini utahesabiwa kama wa mara ya kwanza.

Kuhusu bumu, yaani fedha za kujikimu za mkopo: tangu mwaka wa masomo 2023/2024, Bodi ya Mikopo inatoa hadi shilingi 10,000 za chakula na malazi kwa siku, kutoka 8,500. Usiposaini kwa wakati, fedha zinarudi Bodi. Jina lisipoonekana, nenda kwa afisa mikopo wa chuo siku hiyohiyo. Na mzazi, mwanao akisema bumu limechelewa, mara nyingi anasema kweli.

Mzazi mwenzangu, matokeo muulize mwanao mwenyewe. Ni mtu mzima, na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Usalama wake ni jambo jingine kabisa: simu isipopatikana siku mbili, tupigie, tutakwenda kugonga mlango. Tupe jina kamili la kwenye usajili, namba ya usajili, bweni na chumba. Wengi wanatutajia jina la nyumbani tu, tunapekua orodha nzima halimo, na muda unakwenda.

Waliopanga mtaani ndio wananipa hofu zaidi, maana huko hatuna mlango wa kugonga. Mwanangu uliyepanga, mwachie mama namba ya mwenye nyumba na ya rafiki mmoja wa darasani, na mkubaliane kwamba si ya kukuchunguza, ni ya siku simu yako ikizimika.